Baiskeli ya Mikono

Simu ya Zuhura ilinikuta Geita, kwenye karakana yangu, nimeshika tupa. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Kesho yake mchana nilishuka stendi ya Kahama, nikatembea hadi Majengo bila kuuliza njia, ingawa mji ule umekua hata maduka yamemeza vichochoro nilivyovijua. Nyumba nilikuta imepakwa rangi, ua umepigwa saruji. Wanawake walikuwa kwenye mikeka wakisoma, na mimi nisiye Mwislamu nilijifunika khanga, nikakaa nyuma karibu na mlango, nikasikiliza. Zuhura aliponiona alinyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka chumba cha uani. "Dada Kabula, wewe pumzika humu," alisema. "Mama mpaka anakufa alikuwa anakiita chumba cha Masanja." Sasa kinawekwa magunia ya mchele. Dirisha nililolikumbuka kubwa ni dogo tu, na kutoka pale kitanda kilipokuwa, mtu hawezi kuona kitu isipokuwa kipande cha ukuta na kipande cha mbingu. Nilikaa juu ya gunia nikatazama kile ambacho mume wangu alikitazama karibu mwaka mzima. Tangu tumzike Masanja sikuwa nimelia vizuri. Siku ile nililia, na waliokuwa nje walidhani ninamlilia Mama Zuhura, na kweli nilikuwa ninamlilia yeye pia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Masanja alikuwa mchimbaji Mwakitolyo, na duara lao, yaani shimo wanamoshuka kufuata mwamba wa dhahabu, liliporomoka baada ya mvua. Wenzake wawili walikufa chini. Yeye walimtoa hai, lakini mgongo ulikuwa umeumia, na miguu haikumsikia tena. Hospitali walimtunza wakafika mwisho wa wanachokijua, wakatuambia turudi nyumbani. Masanja akasema harudi kijijini kubebwa mgongoni kama mtoto. Ndipo nikapanga chumba kile Kahama, kwa Mzee Idrisa na mkewe Mama Zuhura, kwa sababu kilikuwa hakina ngazi wala kizingiti kirefu. Nilileta kitanda, jiko la mkaa, masufuria, na baiskeli ya Masanja. Baiskeli ile aliinunua kabla hajanioa. Aliniambia niitundike ukutani mbele yake, nikaitundika. Kila asubuhi nilimgeuza, nikamwosha, nikampaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda, nikampikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kusaga. Alikula kidogo, akashukuru, "Wabeja," kisha akageuza uso kwenye ile baiskeli. Kuhusu wenzake hakusema neno. Nilijaribu mara moja kuwataja, akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa mchanga.

Mzee Idrisa alikuwa fundi wa vyuma. Karakana yake ilikuwa pale pale uani, chini ya kibanda cha bati: meza nene ya mninga, jiliwa kubwa la kubania chuma, misumeno ya mkono, tupa za kila umbo, na nyundo ambazo mipini yake ilikuwa imechukua sura ya kiganja chake. Umeme haukufika uani. Alikata kila kitu kwa mkono, akakichonga kikakaa sawa, kisha akakipeleka kwa Sospeter, kijana mwenye mitungi ya gesi kule gereji, akiunganishe kwa shaba. Nilikuwa nimeona vitanda na milango ya geti aliyotengeneza zamani, na siku moja nikajipa moyo nikamuuliza kama anaweza kutengeneza baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo mtu anakaa na kuizungusha kwa mikono. Nilikuwa nimeiona moja Shinyanga mjini, nje ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Mzee aliipapasa meza. "Zamani ningekufanyia, binti," alisema. "Sasa hivi nina kazi nyingi." Lakini niliangalia kibanda sikuona kazi yoyote.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Baada ya sala ya alasiri nilikuwa ninachambua mchele nyuma ya jiko, nikamsikia Mama Zuhura ndani akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Mpaka lini utawaambia watu una kazi nyingi? Waambie huoni." Mzee akajibu, "Nikisema sioni, nitakuwa nimeacha kuwa fundi." Mama Zuhura akasema, "Basi sema huoni mstari. Mengine yote unayo." Sikusikia alichojibu. Nilibaki na ungo magotini. Kumbe ndiyo maana alikuwa anapapasa kila kitu kabla ya kukishika. Ukungu mweupe wa mtoto wa jicho ulikuwa umekwisha kumfunika jicho moja na la pili likifuata. Asubuhi nilikwenda tena kibandani, nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Kama shida ni mstari tu, mstari mimi ninauona." Aliniitikia marahaba, kisha akageuzia uso upande wa nyumba, kule ambako mkewe alikuwa akifagia kwa bidii isiyo ya kawaida. "Mama Zuhura," aliita, "umeanza lini kunitangaza?" Yule mama akasema hajamtangaza mtu, kuta za nyumba hii ndizo nyembamba. Mzee akacheka. Tangu siku ile nikawa macho yake, na yeye akawa mikono yangu mpaka mikono yangu ilipojua kazi.

Sikujua kwamba kukata chuma ni kazi ya kusikiliza mwili. Nilidhani ni nguvu. Alinisimamisha, akanisukuma bega kwa kidole mpaka kiwiko kikawa nyuma ya msumeno, akaniambia nisukume mbele kwa urefu wote wa msumeno, na wakati wa kurudi niunyanyue kidogo, maana meno hayakati yakirudi, yanakufa tu. Alinikataza chaki. "Chaki ni nene kuliko kosa lenyewe," alisema, akanipa msumari ulionolewa, nichoree mstari mwembamba kama unywele. Niweke alama ya tupa kwanza ili msumeno usiteleze, nikate nje ya mstari, nibakize kidogo cha kuondolewa na tupa. Siku za kwanza viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikavifunga kwa vitambaa nikaendelea. Bwana Hirji, mwenye duka la vifaa, aliniruhusu kupekua rundo la mabaki ya vyuma nyuma ya duka lake. Wateja wake walisimama kutazama mwanamke aliyeinama kwenye vyuma, na mmoja akauliza kama nimeolewa. Bwana Hirji alimjibu, "Ameolewa, na ana kazi. Wewe umekuja kununua nini?"

Tulianza na fremu ya kiti. Ni mraba wa chuma cha pembe, kile chenye sura ya herufi L, na ili kona zake zikae vizuri kila ncha hukatwa mshazari, nusu ya kona kwenye chuma hiki na nusu kwenye kile, vikutane kama viganja vya mtu anayeomba. Mzee alikuwa na sanduku lake la kukatia, la mbao, lenye mianya ya mshazari ya kuongozea msumeno, alilolichonga mwenyewe ujanani. Nilikata vipande vyote humo, kazi ya siku kadhaa. Tulipovipanga mezani kona tatu zilikaa. Ya nne ilikaa wazi, ungeweza kupenyeza kidole. Nilimwambia Mzee nikitegemea atasema Sospeter ataijaza kwa moto. Aliinama, akaipapasa ile nafasi, akasema, "Moto hauzibi uongo, binti. Shaba inashika panapobana. Ukiijazia pengo, itamshika Masanja mpaka siku ya shimo la kwanza barabarani, halafu itamwangusha." Akachukua lile sanduku. Aliingiza ukucha kwenye mwanya mmoja, akausogeza juu na chini, akaingiza kwenye mwingine. Niliona uso wake unabadilika. Mbao zilikuwa zimelika kwa miaka ya misumeno, mianya imelegea, na kila kona ilikuwa imekosea kidogo sana, mpaka makosa yote yakajikusanya kwenye kona ya mwisho. Macho yangeliliona hilo zamani. Alikaa kwenye kigoda. Mama Zuhura alileta chai, akaitazama fremu, akamtazama mumewe, akaweka kikombe mkononi mwake, akarudi jikoni. Alipomaliza kunywa, Mzee alilitia sanduku lile kwenye kuni. "Pima upana wa chuma," aliniambia. "Upana huohuo upime tena kwenye urefu wake. Unganisha alama mbili. Mshazari wa kweli ndio huo, hauhitaji sanduku."

Nikaanza upya, na hapo ndipo Masanja alipoongea. Nilikuwa ninakata, jasho linaniingia machoni, nikasikia sauti kutoka dirishani, sauti niliyokuwa nimeisahau, ile ya kuamrisha kidogo: "Kabula, umepinda." Nilisimama. Niliangalia mstari, kweli msumeno ulikuwa umeanza kuukimbia. Nikauliza amejuaje, maana kitandani haoni kitu. "Msumeno unalia tofauti," alisema. "Ukienda sawa unalia sauti moja. Ukipinda unakwaruza." Alikuwa amelala akisikiliza msumeno kwa wiki na wiki, kama alivyokuwa akisikiliza mwamba chini ya ardhi, na mimi nilidhani amegeukia ukuta kwa sababu ya kutotaka kusikia lolote. Mzee Idrisa alicheka mpaka akashika meza. "Haya basi," alisema, "macho ninayo, na sasa nimepata sikio." Kuanzia hapo tulifanya kazi watu watatu. Nikikosea, dirisha linasema. Nikipatia, dirisha linanyamaza, na ule unyamavu nikajifunza kuupenda. Ninapotafakari sasa naona kwamba sikuwa nimemtunza Masanja vibaya kabla ya hapo. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza. Lakini hakuna mtu aliyekuwa na haja naye. Hilo silo jambo ambalo unaweza kumpikia mtu kwenye sufuria.

Kona nne zilikaa. Mzee alipitisha ukucha kwenye kila kiungo, haukukwama. Ilibaki sehemu ya mbele: bomba la kutoka kwenye kiti kwenda kwenye gurudumu la mbele, linaloinama halafu linapanda. Kwenye mabaki ya Bwana Hirji hapakuwa na bomba lenye kufaa. Sote tulijua lilipo. Lilikuwa limetundikwa ukutani mbele ya kitanda. Sikumwambia Masanja, wala Mzee hakumwambia, ni Mama Zuhura aliyeingia na sahani ya wali na dagaa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Baba, ile baiskeli unaitunza ya nini?" Nilikuwa mlangoni. Masanja alisema, "Ni ya kwangu, Mama." Akajibiwa, "Najua ni ya kwako. Nimeuliza unaitunza ya nini." Masanja aliitazama ile baiskeli. Wali ukapoa. Kisha akaanza kula, akala sahani yote, na alipomaliza akaniita jina langu akaniambia niishushe, lakini nisiikate mpaka na yeye awepo. Tulimbeba na godoro lake, mimi, Mzee na Zuhura, tukamweka kwenye mlango wa kibanda. Nilipoibana baiskeli kwenye jiliwa aliushika usukani. Aliushika hivyo mpaka nilipomaliza mkato wa kwanza.

Ile pembe ya mbele haikuwa nusu ya mraba wala kitu chochote chenye jina. Mzee alinifundisha kuilaza kwenye kipande cha boksi, kuchora mabomba yanavyotaka kukutana, kukata boksi kwa umbo hilo, kisha kulikunja mara moja ncha kwa ncha. "Pembe yoyote ile, igawe nusu," alisema. "Kila chuma kibebe nusu yake." Lakini bomba ni la mviringo, na mstari wa mshazari hauchoreki kwa rula kwenye kitu cha mviringo. Nilizungushia karatasi, ikajikunja. Nilichora kwa jicho, nikaharibu ncha moja. Mzee alikuwa akifikiri, mkono kidevuni, Masanja akasema, "Leta beseni la maji." Mama Zuhura akauliza beseni la nini. "Chini ya duara," Masanja alisema, "tukitaka kujua panapolala sawa tulitazama maji. Maji hayapindi." Alinielekeza nilipake bomba lote chaki, nilishike limeinama kwa kipimo cha lile boksi lililokunjwa, nilichovye kwenye beseni, nilitoe. Maji yalikuwa yamelowesha chaki mpaka mahali pamoja, na ule mpaka ulizunguka bomba kwa mshazari safi kabisa, kama uliochorwa na mtu asiyetetemeka. Mzee Idrisa aliomba aushike. Hakuweza kuuona wala kuugusa, ungefutika, kwa hiyo Masanja akamwelezea ulivyo, kwa utaratibu, pole pole, na yule mzee akasikiliza kichwa kimeinama. "Sikuwa nalijua hili," alisema. Nikauchora mstari kwa msumari kabla haujakauka.

Sospeter alipoviona viungo alivigeuza geuza, akauliza Mzee amepona macho lini. Mzee akamwambia hajapona. Magurudumu mawili yalikuwa ya ile baiskeli, la tatu la kuokotezwa; mnyororo ulipanda kutoka gurudumu la mbele mpaka kwenye pedeli zilizokaa usawa wa kifua. Siku ya kwanza Masanja alizunguka ua, akagonga ndoo, akagonga mlango wa choo, Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Siku iliyofuata alitoka getini. Nilifunga khanga nimfuate, akasema bila kugeuka, "Kabula, baki." Nilibaki. Nilirudi chumbani, nikatandika kitanda kilichokuwa kitupu mchana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nikakitandua, nikakitandika tena. Mama Zuhura akaniita nikamsaidie kumenya vitunguu, vitunguu ambavyo hakuwa na haja navyo. Masanja alirudi jua limeinama, viganja vimechubuka, magurudumu yamejaa vumbi. Aliomba maji, akanywa, akasema alikuwa kwenye maegesho ya malori. Amempata dereva wa kutupeleka Mwakitolyo na kuturudisha. "Nataka kwenda kwa Shija na Luhende," alisema. Hayo yalikuwa majina ya wenzake. Alikuwa hajayatamka tangu siku walipomtoa shimoni.

Nilitaka kukataa. Barabara ni mbaya, nilisema, na kule hakuna mahali pa kupitisha magurudumu. Mzee Idrisa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasema, "Binti, kona ulizikata wewe. Unaziamini au huziamini?"  Nikafunga maandazi kwenye kitambaa, tukapanda.

Mwakitolyo ilikuwa imebadilika. Miti ilikuwa imeisha, imegeuka matimba ya kuzuilia kuta za mashimo, na ardhi yote ilikuwa imetobolewa, shimo kando ya shimo, na vijia vyembamba katikati ambavyo hata mbuzi hupita kwa kufikiri. Lori lilituacha kwenye vibanda vya mama ntilie. Vijana wawili watatu walimtambua Masanja, wakaja, wakasimama mbele yake hawajui kama wampe mkono au la. Mmoja akasema, "Kaka, tuliambiwa ulikufa." Akamjibu, "Bado." Wakanisalimia, "Shemeji, pole na safari." Aliwaambia anakotaka kwenda. Walitazamana. Lile duara lilikuwa limefukiwa, na wale wawili hawakutolewa; walizikwa mle mle walimoangukiwa. Kufika kulikuwa na mashimo yasiyohesabika katikati, na yule mkubwa wao akasema, "Kaka, tutakubeba mgongoni." Nikaona shingo ya Masanja inakakamaa. "Sibebwi mgongoni," alisema. Kijana aliitazama ile baiskeli, akainama, akashika kona ya fremu chini ya kiti, akaitikisa. Akawaita wengine.

Waliinyanyua na yeye juu yake. Nilitembea nyuma yao, na sitasema uongo, sikumtazama Masanja, niliitazama kona. Chuma kilikuwa kinachukua uzito wake wote hewani, vijana wakipishana urefu, mmoja akishuka kidogo, mwingine akipanda, fremu ikitaka kujisokota kwenye kila hatua, na chini yao giza la mashimo linapita. Kwa kila kiungo nilikumbuka asubuhi nilipokichonga, wapi nilichoka, wapi dirisha liliniambia nimepinda. Hakuna kilicholia. Walimshusha kwenye kifusi kikubwa cha udongo mwekundu, majani yameanza kuota juu yake, wakarudi nyuma, wakavua kofia. Mimi pia nilibaki nyuma. Masanja alizungusha pedeli kwa mikono yake, akasogea mpaka gurudumu la mbele likagusa kifusi. Alichukua udongo kidogo, akauweka pajani. Aliongea Kisukuma, pole pole, kama mtu anayeongea na watu waliokaa karibu naye kwenye sinia la ugali, akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Mengi sikuyasikia, upepo uliyachukua. Nilisikia tu pale aliposema, "Nimechelewa, ndugu zangu. Sikuwa na njia ya kuja." Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikumsogelea. Vijana walisubiri mpaka alipoinua kichwa na kufuta uso, ndipo wakainama tena, kila mmoja kwenye kona yake.